Maneno ya Mahafali: Uhakiki wa Ratiba Moja ya Sumbawanga

Istilahi haipimwi na kamati iliyoipitisha peke yake. Hupimwa pia siku inapotamkwa mbele ya watu ambao hawakuwapo kikaoni, nao wakaitegemea ili wajue ni jambo gani limetendeka. Katika vyuo vyetu, siku hiyo ni siku ya mahafali. Kwa sababu hiyo tumechagua kuhakiki ratiba ya mahafali ya chuo kimoja mjini Sumbawanga, ambayo tuliisoma wakati maandalizi yakiendelea, viti vikipangwa na majoho yakihesabiwa. Chuo chenyewe hatukitaji, kwani makosa tutakayoyaeleza yamo katika ratiba nyingi nchini.

Tuanze na kichwa cha ratiba: "Sherehe za Mahafali". Neno mahafali limetoka katika Kiarabu, ambako ni wingi wa neno lenye maana ya mkutano au hadhara. Kiswahili kimeipunguza maana hiyo, likawa jina la sherehe ya kumaliza masomo. Asemaye "sherehe za mahafali" amesema jambo moja mara mbili. Hata hivyo kosa hili ni dogo, wala halimpotoshi mtu.

Kosa kubwa limo katika kifungu cha saba: "Mgeni rasmi kuwatunuku wahitimu shahada zao." Sentensi hii ina maneno matatu mazito, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli siku hiyo.

La kwanza ni wahitimu. Kuhitimu lilikuwa neno la chuo cha Kurani kabla ya kuwa neno la chuo cha ualimu. Katika mwambao, mtoto alihesabiwa amehitimu alipoisoma Kurani hadi mwisho mbele ya mwalimu wake. Neno hili basi limebeba mambo mawili: kufika mwisho, na kuthibitishwa na mwenye elimu. Lakini katika shule za sekondari, na hata katika baadhi ya vyuo, mahafali hufanyika kabla ya mtihani wa mwisho. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Waandishi wa ratiba waliliona tatizo, kwani ukurasa wa pili waliandika "wahitimu watarajiwa". Ukurasa wa tatu wakaisahau tahadhari yao. Maoni yetu ni kwamba ambaye hajafanya mtihani aitwe mwanachuo wa mwaka wa mwisho. Aliyetimiza masharti yote ya kozi ndiye mhitimu. Na kufaulu libaki kuwa neno la matokeo ya mtihani.

La pili ni kuwatunuku. Katika matumizi ya kawaida, kutunuku ni kumpa mtu kitu cha thamani kwa heshima. Vyuo vikuu vimelipa neno hili maana maalumu, yaani tendo la kisheria la mkuu wa chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kikuu kamili tarehe 1 Julai 1970, Mwalimu Nyerere alikuwa Mkuu wake wa kwanza. Akitunuku, mtu alikuwa amepata shahada. Katika chuo cha ualimu, "Mkuu wa Chuo" ni mwalimu anayekiendesha chuo siku kwa siku. Jina ni moja, mamlaka ni mbalimbali, na wasikilizaji hudhani kwamba wote wawili hutenda tendo lile lile. Huko Sumbawanga mgeni rasmi alitoa hati za kumaliza masomo tu. Vyeti vyenyewe vilikuwa vikisubiri matokeo. Tendo hilo ni kukabidhi. Nalo ni neno la heshima, tena halidai kisichokuwapo.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni shahada. Katika Kiarabu ni ushahidi, na pia hati yoyote ya masomo; katika Kiswahili sanifu ni digrii. Chini yake tumeweka stashahada, na chini zaidi astashahada. Katika mfumo wa tuzo za elimu ya ufundi nchini, astashahada ni ngazi ya 5, stashahada ya 6, na shahada ya 8. Kwenye karatasi tofauti ni dhahiri. Kwenye kipaza sauti uwanjani, upepo wa uwanda wa Ufipa ukivuma, silabi za mwanzo humezwa, na mzazi husikia shahada peke yake. Hapana budi tukiri, ingawa ni kasoro ya nyumbani kwetu, kwamba cheti, diploma na digrii hayachanganywi na sikio namna hiyo.

Mzee mmoja aliyetoka upande wa Laela, aliyeuza maharage yake kwa ajili ya ada, alituuliza kama kijana wake sasa ana shahada. Tulimjibu, "Bado, mzee, akifaulu atapata stashahada." Akauliza, "Hiyo ni kubwa kuliko shahada, au ni ndogo?" Ratiba aliyoishika mkononi haikuwa na jibu. Mzazi wa namna hii hupanga deni, ajira na masomo ya wadogo kwa kutegemea neno alilolisikia uwanjani.

Hatusemi istilahi hizo zitupwe. Wafipa wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu, malungu, kisha wakakisafisha chuma kilichopatikana katika tanuri dogo, vintengwe, ndipo mhunzi akafua jembe. Istilahi inayotoka kamatini imepita tanuri la kwanza tu. La pili ni masikio ya watu, na kazi hiyo hatujaifanya.

Kwa hiyo tunashauri kwamba neno shahada lisitumiwe kamwe kwa hati ya ngazi nyingine. Kwamba msoma ratiba ataje istilahi pamoja na neno lililozoeleka. Na kwamba kiongozi wa juu wa chuo kikuu aitwe daima Mkuu wa Chuo Kikuu, bila kufupisha. Kifungu cha saba kingesomeka hivi: "Mgeni rasmi kuwakabidhi wanachuo wa mwaka wa mwisho wa stashahada, yaani diploma, hati za kumaliza masomo." Ni sentensi ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini mzee wa Laela angerudi nyumbani na habari sahihi. Tunawaomba walimu na makatibu wa kamati za mahafali watuletee ratiba zao kabla hazijapigwa chapa.