Bili ya Meza ya Pembeni

Siku hizi kila msee wa rika langu anayejiita mwandishi ana insha moja kuhusu baa ya zamani. Unazijua: taa nyekundu, rhumba, mzee mwenye kofia akikumbuka Nairobi ilivyokuwa safi. Mwandishi anamwagizia moja moto, yeye anachukua baridi, na insha inaisha wote wakiwa na huzuni tamu. Zingine ni kali kweli. Lakini karibu zote haziulizi yule aliyeleta hizo chupa ni nani.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye mojawapo ya baa hizo, ghorofani, hatua chache kutoka River Road. Kaunta imezungushiwa nondo kama seli. Pesa inaingia kwa kitundu, chupa inatokea hapohapo. Rafiki yangu alizipiga picha hizo nondo, akasema zina ladha ya kitambo.

Mimi nilikuwa namwangalia waita wetu. Pale hachukui oda tu. Chupa zikitoka kaunta zinaandikwa kwa jina lake, halafu yeye ndiye anakuja kutudai. Ukihepa, deni ni lake. Mwendo wa saa nne, wanaume watatu wa meza ya pembeni waliteremka ngazi mmoja mmoja, kila mmoja simu sikioni. Chupa tisa. Alizihesabu mara mbili, akapangusa meza.

"Pole, siz," nikamwambia.

"Ni kuzoea tu, brathe. Nyinyi mnaongeza?"

DJ akaweka Franco na baa nzima ikaimba.

Nadhani bado tunaandika tukiwa tumekalia kiti cha Meja Mwangi. *Going Down River Road* ilitoka 1976, na ndicho kitabu pekee cha kozi ambacho bado nakisoma baada ya kuacha chuo. Ben na Ocholla, vumbi la mjengo, Karara Centre jioni: sijui aliyeandika njaa ya mshahara mdogo vizuri kuliko hivyo. Wini anapoondoka, anamwachia Ben mtoto wake, Baby, na riwaya inabaki na Ben. Alikoenda Wini hatupelekwi. Hilo naweza kulimeza, kwa sababu ile ni riwaya ya wanaume wa mjengo na haijifanyi kitu kingine. Sisi tumechukua kiti bila mjengo. Tunakuja wikendi na kamera.

Tena hiyo "historia" tunayoipenda tunaianzia katikati. Kwenye ukuta wa ile baa kuna timu ya mpira na wanaume wa suti. Miaka ya 1920 manispaa ya kikoloni ilifungua ukumbi wa pombe Pumwani na kujipa haki ya kuuza peke yake. Mwanamke aliyepika pombe nyumbani akawa mtu wa kukamatwa. Luise White, katika *The Comforts of Home* (1990), anawaonyesha wanawake wa Pumwani waliojenga nyumba zao kwa pesa walizotafuta wenyewe. Kwa hivyo biashara ya pombe jijini ilikuwa mikononi mwa wanawake, ikachukuliwa. Hiyo picha haiko ukutani.

Marjorie Oludhe Macgoye alituonyesha njia nyingine katika *Coming to Birth* (1986). Paulina anafika Nairobi 1956 kumfuata mume, mimba inaharibika, na akitoka hospitali anapotea mjini. Kurasa zile huwa nazisoma polepole, kwa sababu jiji zima linapimwa kwa miguu ya msichana asiyejua barabara ya kwao ni ipi.

Nataka kusoma waita akiandikwa hivyo. Saa kumi na moja alfajiri, anangoja matatu ya kwanza, viatu vya kazi kwenye karatasi ya plastiki, na kichwani anapiga hesabu: chupa tisa, toa tipu, toa fare, halafu kodi.