Majina ya Kapalata
Watafutaji wa ukoo wanaambiwa kwamba FamilySearch ni bure, na ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa (2010) ni bure vilevile. Tumezipitia. Ya kwanza inauliza jina la ukoo. Lakini kwetu mtoto anapewa jina la babu ao la shida aliyozaliwa nayo, tena 1972 Mobutu akakataza majina ya ubatizo: Joseph wa kitabu cha misioni atapatikana wapi? Ya pili, kazi nzito kweli, inataja kambi yetu na vijana Mai-Mai waliokufa humo enzi ya AFDL. Majina yao hayako. Mama wa Kivu akiisoma, atajua kambi, hatajua kama mwanawe alikuwamo. Tuanze kuuliza wakaaji wa Kapalata: vijana wale walikuwa wanaitana nani?