Uhalisia pepe usiwe pepe tupu

Pepe ni punje isiyo na kiini. Ndiyo maana istilahi 'uhalisia pepe' hunifikirisha niwazapo mgeni akivishwa miwani ya kidijitali katika magofu ya Gede, auone mji ukiwa mzima. Sikatai, paa lililoporomoka halirejeshwi kwa maneno. Lakini jamani, tuhakiki. 'Nyumba ya Mkasi' si jina la wenyeji. Ni la wanaakiolojia: baada ya James Kirkman kuanza kuchimba mwaka wa 1948, baadhi ya nyumba ziliitwa kwa vitu vilivyofukuliwa humo. Miwani iseme hivyo. Itaje pia kidaka, kiwanda na ndani, msamiati wa nyumba za mawe za Waswahili. Palipokisiwa paonyeshwe kuwa pamekisiwa. La sivyo, mgeni atabeba makapi akidhani ni nafaka.