Mkono Unaofanya Kazi ya Baridi

Muganza hakuna majira ya baridi. Kuna itumba na umuhindo, misimu miwili ya mvua, na katikati yake kuna jua. Sekta hii ya Wilaya ya Rusizi imelala kwenye bonde la Bugarama, mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mpunga unastawi, joto halina likizo, na msafiri aliyepanda basi Kigali na koti lake hulivua kabla basi halijasimama. Ukimwambia mtu wa huku kwamba nchi za theluji zina saladi ya samoni na sukuma wiki inayosifiwa sana, ati inang'aa mezani na kumtia mlaji nguvu wakati jua limegoma kutoka, atakusikiliza kwa adabu, halafu atakuuliza hiyo theluji inahusiana vipi na mboga.

Inahusiana sana. Sukuma wiki ni mmea unaopenda baridi. Usiku ukifika kiwango cha kugandisha maji, mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, kwa kuwa maji yenye sukari ni magumu kuganda. Ndiyo maana wakulima wa kaskazini mwa Ujerumani na wa Uholanzi, tangu zamani, husubiri usiku wa kwanza wa barafu ndipo wavune. Mlaji wa huko amepokea kutoka kwa hali ya hewa jani ambalo limekwisha kuandaliwa nusu. Sisi wa bondeni hatuna bahati hiyo. Jua la Bugarama hulikaza jani na kulitia uchungu, na hata mafungu yanayoshuka kwa gari kutoka milimani hufika yamechoka. Kinachobaki ni mkono. Kazi ambayo ng'ambo hufanywa na baridi, huku hufanywa na mwanamke mwenye kisu, chumvi na ndimu, na mimi naona huyo ndiye anayestahili sifa, si hali ya hewa.

Tuanze na kisu. Kuanzia Nairobi hadi huku mpakani, muuza mboga aliyeizoea kazi yake akishakupimia fungu huuliza, "Mama, nikukatie?" Nawe ukijua unachotaka hujibu, "Nikatie, dada, lakini nyembamba." Mtazame hapo. Kwanza anavuta ule uti mgumu wa katikati na kuutenga. Kisha anapanga majani, makubwa nje, madogo ndani, anayakunja pamoja na kuyabana kwenye kiganja cha kushoto hadi yanalia. Ubao wa kukatia hana wala hauhitaji. Kisu chake kimenolewa miaka mingi mpaka kimekuwa chembamba, na hakigandamizi jani, kinavutwa juu yake. Kila kikipita, vidole vinalisukuma fungu mbele kidogo mno, na kijani kinadondoka kwenye beseni nyuzi kwa nyuzi. Wakati huohuo anarudisha chenji, anamwitikia mpita njia salamu, anamfokea mtoto anayechezea nyanya. Macho hayako kwenye kisu hata kidogo.

Tofauti ya kuvuta na kugandamiza ndiyo elimu yote ya hatua hii. Kisu butu kikikandamizwa hulichubua jani, na jani lililochubuka huwa jeusi pembezoni kabla ya saa sita mchana. Zile mashine za umeme za kukatia mboga ni mbaya zaidi, maana zinararua. Na wembamba si urembo. Jani bichi nene huyashinda meno, mtu akatafuna mpaka akakata tamaa na kurudi kwenye viazi vyake. Wareno wanalijua hilo vizuri: supu yao ya caldo verde hutaka jani la jamii hiihii likatwe jembamba sana, na Wabrazili wakalichukua somo hilohilo wakaliweka kando ya maharage yao ya feijoada. Watu wa joto, utaona, ndio waliolazimika kujifunza kukata.

Kwa saladi, lakini, utamwiga dada huyo nyumbani, maana kabla ya kukata kuna kuosha, na hapa sina mzaha. Bonde letu ni la mifereji. Maji yanayonywesha mpunga ndiyo yanayopita kwenye bustani nyingi, na mboga ya kuliwa mbichi huja na chochote kilichokuwa ndani ya maji hayo. Wazee waliokataa majani mabichi wakisema ni chakula cha sungura hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajikinga na homa ya matumbo na kipindupindu kwa njia waliyoijua. Kwa hiyo jani huoshwa moja moja, upande wa juu na wa chini, kisha mafungu humwagiwa maji yanayochemka, hesabu ya pumzi chache tu, na kutumbukizwa mara moja kwenye maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa. Faida yake ni zaidi ya usalama. Maji ya moto huifukuza hewa iliyojificha ndani ya jani, na kijani chake kinakuwa kikali kuliko kilivyokuwa shambani. Ukiyaacha majani humo kwa muda mrefu, vitamini C inaishia kwenye sufuria na wewe unabaki na nyuzi.

Baada ya kukatwa huja chumvi, kiasi cha kubana kwa vidole vitatu kwa beseni dogo. Ndipo mkono unapoingia na kukanda. Mara ya kwanza majani yanakataa, yanachomoka kati ya vidole na kuruka nje ya beseni. Baada ya dakika mbili tatu yanalegea: chumvi inavuta maji kutoka ndani, kuta za jani zinavunjika, beseni lililokuwa limejaa linabaki nusu, na kijani kinageuka kuwa cha kung'aa kana kwamba kimepakwa mafuta. Chumvi pia huufunika uchungu ulimini. Barafu ingekuwapo, ingelitia jani utamu tangu shambani. Haipo, basi viganja viwili na chumvi vinaliendea jani kwa njia nyingine mpaka likubali.

Ndimu husubiri. Hili wengi hulikosea, wakamimina ndimu pamoja na chumvi kwa kuwa ndivyo tunavyofanya kwenye kachumbari ya vitunguu. Tindikali huiharibu rangi ya jani. Mboga iliyokaa na ndimu kwa saa nzima hupoteza kijani chake na kuwa na rangi ya nguo ya askari iliyofuliwa mno. Ndimu ikamuliwe watu wakiwa wameshaketi.

Sasa samaki. Samoni hatuna, na sioni sababu ya kumlilia. Sifa zake tunazijua: mafuta ya omega-3 yanayoufaa moyo, na ile rangi ya waridi ambayo samaki wa porini huipata kwa kula viumbe wadogo wa jamii ya uduvi. Samaki wa kufugwa hutiwa rangi hiyo kwenye chakula chake, jambo ambalo wauzaji hawapendi kulipigia kelele. Jamaa yake wa karibu, trauti, aliletwa kwenye mito baridi ya milima ya Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 na bado yuko huko. Katika mto Rusizi wetu huyo asingeishi hata siku moja. Lakini tuna sambaza.

Sambaza ana historia inayolingana na sifa ninazozitoa hapa, kwa maana naye ni kazi ya mkono. Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache sana za samaki, na yale maji yake ya katikati, mbali na kingo, yalikuwa karibu matupu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji, dagaa mmoja wa Ziwa Tanganyika, yule wanasayansi wanayemwita Limnothrissa miodon, alibebwa na kumwagwa Kivu. Mto Rusizi unayaunganisha maziwa hayo mawili na unapita hapa pembeni mwetu, ila unashuka kutoka mita 1,460 hadi zipatazo 770, kwa maporomoko ambayo dagaa hawezi kuyapanda. Bila kubebwa asingefika kamwe. Akashika mizizi, akazaana, na leo bila yeye ufuo wote wa Kivu usingejua ule nini. Miaka ya 1967 na 1968 akapelekwa Ziwa Kariba pia, huko anakoitwa kapenta.

Kwetu huvuliwa usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu hutandazwa katikati, taa huwashwa kumdanganya samaki apande juu, na wavuvi hupiga kasia kwa kuimba. Asubuhi mzigo uko mjini Kamembe, na kabla ya jua kukasirika umeshashuka bondeni kwetu. Mnunuzi mwerevu hatazami ukubwa. Anatazama jicho na tumbo. Tumbo likishapasuka, huyo amekwisha kusafiri zaidi ya inavyofaa.

Nyumbani sambaza huoshwa, hutiwa chumvi na kuanikwa kwenye kitambaa hadi ngozi ikauke kabisa, maana samaki mwenye maji hurusha mafuta na kutoka amelainika. Mafuta yapate moto wa kutosha. Samaki waingie wachache wachache. Mpishi mzuri hapa hutumia sikio: mwanzoni mafuta yanapiga kelele, na kelele hiyo ni maji yanayotoka mwilini mwa samaki; ikianza kufifia, maji yamekwisha, na samaki ataliwa mzima, kichwa, mifupa na mkia. Katika hilo anamshinda samoni, ambaye mifupa yake huishia jalalani, na kalisi pamoja nayo. Kila mwaka uvuvi wa Kivu hufungwa kwa muda ili samaki wazaane, na katika kipindi hicho tunageukia ndagala wakavu wa Tanganyika. Hao huchambuliwa mchanga, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, hukaushwa, kisha hukaangwa bila mafuta hadi wanukie.

Vinavyobaki ni rangi na mafuta, na hivyo soko la Bugarama linavimwaga. Soko hilo ni la watu wa nchi tatu: Burundi iko ng'ambo ya mto Ruhwa, Kongo ng'ambo ya Rusizi, na Kiswahili kilikuwa kikipanga bei hapa zamani kabla sheria ya 2017 haijakifanya lugha rasmi ya Rwanda. Unachukua parachichi lililoiva bila kuoza, ulikate vipande vinene. Hilo ndilo litakalofanya kazi ya mnofu laini wa samoni, na mafuta yake huusaidia mwili kufyonza karotini iliyomo kwenye majani. Unachukua kitunguu, ukikate pete nyembamba na kukiosha kwa maji ya chumvi kama wafanyavyo Zanzibar, ili kisimlize mtu. Pilipili moja, isiyokatwa karibu na mtoto. Na mwishowe kinyomoro, ile nyanya ya mti yenye ngozi nyekundu, mbegu nyeusi na ukali wa kuuamsha ulimi. Kukitia kwenye mboga ni wazo ambalo wengi wa huku watalishangaa, kwa kuwa wamezoea kukinywa kama juisi. Wajaribu. Wekundu wake juu ya kijani kile unatosha kumwita mtu mezani, na juisi yake inapunguza haja ya ndimu.

Sitaki kuigeuza sahani hii kuwa dawa, ingawa inazitia haya dawa nyingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2019–2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na serikali kwa miaka mingi imekuwa ikihimiza kila nyumba iwe na akarima k'igikoni, bustani ndogo ya mboga karibu na jiko. Bustani nyingi nilizoziona zina sukuma wiki za kutosha. Kinachofuata ndicho kigumu: jani linachemshwa hadi linakuwa la kahawia, mtoto analikataa, mama anachoka, na mbegu nyingine hazipandwi. Mafunzo ya kilimo yamefika hadi mlangoni pa jiko yakaishia hapo. Jani hili lina kalisi inayofyonzwa kwa urahisi kuliko ile ya mchicha, kwa kuwa lina oksaleti kidogo, lakini kalisi ya jani lililomwagwa haimjengi mtu mfupa. Nadhani mtu mmoja anayejua kukata na kukanda, akizungushwa nyumba kumi kwa wiki, angefanya zaidi ya mabango mengi. (Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari wake kwanza, maana sukuma wiki ina vitamini K nyingi.)

Wafanyakazi wa kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza uzalishaji hapa Muganza mwaka 1984, wakitoka kwenye joto lile saa za chakula huagiza melanje: wali, maharage, ndizi, viazi, vyote kwenye sahani moja, na pembeni kitu cha kijani kilichopikwa kikasahauliwa. Tumbo linajaa, mwili unakuwa mzito, na mchana bado mrefu. Mtu huyo ndiye ningemwandalia saladi yangu kwanza. Majani chini, kitunguu na parachichi juu yake, vipande vya kinyomoro, ndimu ikamuliwe mbele yake, na sambaza wawekwe mwisho kabisa, wakiwa bado wanapasuka wakitafunwa; wakitangulia watanyonya maji na kazi yote ya mafuta itapotea. Ugali wa muhogo uwe pembeni kwa asiyeamini kwamba ameshiba bila huo.

Zile nyuti tulizozitenga mwanzo hazitupwi. Hukatwakatwa ndogo na kutiwa kwenye maharage ya jioni, dakika ishirini kabla hayajaepuliwa.