Mango na Joka: Hadithi ya Msiba na Mwili

Mambo mawili humjia kijana bila kubisha hodi: msiba na mabadiliko ya mwili. Kifo hakimwulizi mtoto kama yu tayari kuwa yatima. Wala kubaleghe hakumwulizi kama yu tayari kwa sauti nzito na viungo asivyovizoea. Wabukusu, ambao makao yao yaenea kutoka Bungoma hata pande za Kitale, wana hadithi inayoyakutanisha mambo haya mawili. Nayo ni hadithi ya Mango, shujaa wa ukoo wa Bakhurarwa.

Husimuliwa kwamba joka lililoitwa Yabebe lilikaa pangoni na kuangamiza watu. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo wana wa Mango. Mango akaapa kulipiza. Aliingia pangoni joka likiwa halipo, akajificha, na liliporudi akalikata kichwa. Kichwa kiliruka, kikauma mti, na majani yake yakanyauka. Ndipo Mango akatahiriwa na majirani zake Wasabaoti, na desturi hiyo ikashika mizizi kwa Wabukusu.

Uzuri wa hadithi hii umo katika mpango wake. Msiba hutangulia, ushujaa hufuata, na kisu huja mwisho. Kama ingalianza na ushujaa, ingalikuwa majigambo matupu. Tena, tutazame ule mti ulionyauka. Adui amekwisha kufa, lakini sumu yake yangali inaua. Na wana wa Mango hawafufuki. Msimulizi hatudanganyi kwamba ushindi hufuta huzuni.

Hadithi hii haikubaki katika vinywa vya wazee. Katika Matulo, karibu na Webuye, kama katika vijiji vingine vya Wabukusu, wavulana hutahiriwa mwezi wa Agosti wa miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024. Alfajiri mvulana hupakwa tope mtoni, huletwa nyumbani kwa wimbo wa Sioyaye, kisha husimama kimya mbele ya ngariba. Mabadiliko ambayo maumbile huyaleta kwa siri hupewa siku, wimbo na mashahidi.

Lakini tumfikirie kijana aliyefiwa na baba. Yeye husimama uani huku ami yake akishika mahali pa marehemu. Ukimya wake una mizigo miwili. Wengi watamwambia kuwa mwanamume halii, nao watamtaja Mango kuwa mfano. Huko ni kuisoma hadithi vibaya. Mango hakuingia pangoni kwa kuwa hakuwa na uchungu. Uchungu ndio uliompeleka. Ukimya mbele ya kisu ni wa dakika chache, wala haukuwekwa uwe wa maisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Na huzuni ni maradhi ya moyo.

Yapo pia ya kulaumiwa. Sioyaye humsimanga mwoga na kumfukuza aende kwa majirani wasiotahiri, kana kwamba ushujaa hupimwa kwa kisu tu. Leo wako wavulana wanaotahiriwa hospitalini, nao si watoto duni. Tena hadithi humsahau msichana, ambaye mwili wake hubadilika vilevile na ambaye naye hufiwa. Hana Mango wake, wala hana wimbo wa alfajiri. Hili ni pengo ambalo waandishi vijana wangeweza kulijaza.

Pamoja na kasoro hizo, hadithi ya Mango yastahili kusomwa polepole. Watu husifu upanga uliokata kichwa cha joka. Msomaji makini hutazama kwanza makaburi ya wale wana, kwa maana huko ndiko safari ya kwenda pangoni ilikoanzia.