Alama za Grisi Kwenye Kadibodi

Hapa Tunduma, nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, mabomba matatu yamefungwa juu kwa mnyororo, na hiyo ndiyo gereji. Chini yake Land Rover 109 limefunguliwa boneti. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 iko pembeni kwenye tairi bovu. Inayoingia ni ya dizeli, ya Kijapani, iliyotolewa kwenye pikapu iliyopinduka.

Fundi hana michoro ya kiwandani. Anapaka grisi kwenye uso wa gia boksi, anabandika kadibodi ya sabuni, anaikandamiza kwa kiganja bila haraka. Akiibandua, kila tundu la bolti limejichora. Anahamishia alama kwenye bamba la chuma, kisha anatoboa. Bamba hilo ndilo litakaloshikanisha injini ya Mjapani na gia boksi ya Mwingereza. Likienda upande kidogo tu, klachi imekwisha kabla gari halijamaliza milima ya Ileje. Kijana wake alikuwa ameshawasha mashine ya kuchomelea. "Pima tena, mwanangu," mzee akamwambia, wala hakuinua kichwa.

Wamarekani nao, kwa magari yao ya nguvu, walianzia hapo hapo: kuhamisha injini ya gari moja kwenda jingine. Kwa modeli zake za mwaka 1964, Pontiac ilichukua V8 ya lita 6.4 kutoka kwenye magari yake makubwa, ikaipachika kwenye Tempest, gari la wastani. General Motors ilikataza injini kubwa kiasi hicho kwa magari ya daraja lile, basi John DeLorean, Bill Collins na Russell Gee wakaipitisha kijanja, kama nyongeza anayoagiza mnunuzi. Ndivyo GTO ilivyozaliwa. Mbegu ni ya zamani zaidi: Ford ilipotoa V8 ya bei nafuu mwaka 1932, wasafirisha gongo wa milima ya kusini waliichokonoa wawaache polisi kwenye vumbi. Tunduma sina haja ya kumweleza mtu kwa nini mwenye magendo hupenda gari lenye pumzi.

Enzi ya magari hayo ya nguvu ilikatishwa na bima, sheria za moshi, na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973. Lakini majina ya mafundi wake yameandikwa, na GTO wanazitunza kama mboni ya jicho.

Huku kwetu siku hizi fundi kijana anachomeka mashine ya kupimia hitilafu, inamtajia kifaa kibovu, anakwenda dukani. Sina ugomvi na mashine. Ninachokilalamikia ni haraka yetu: mwenye gari anasema "toa, weka nyingine", na haulizi nani aliyeliwezesha kupanda na magunia ya kahawa ya Mbozi miaka yote hiyo. Likichoka, huitwa mnunuzi wa chuma chakavu. Bamba nalo hupanda mzani pamoja na rimu na bampa, kwa bei ile ile ya kilo.