Rege ya Pwani na Msikilizaji wa Redio

Mwanamuziki wa rege anayepiga gitaa hotelini katika ufuko wa Galu, kusini ya Diani, ana wasikilizaji wa namna mbili. Wa kwanza ni mgeni aliyeketi mbele yake, anayemlipa na kumwonyesha papo hapo kama amependezwa. Wa pili hamwoni: ni mvuvi, utingo au mwanafunzi wa Ukunda au Msambweni asikilizaye redio. Makala haya yanadai kwamba thamani ya rege ya Kiswahili hutegemea ni yupi kati ya hao wawili aliyekusudiwa na mtunzi.

Yafaa kwanza tutazame muziki huu ulikotoka. Huko Jamaika rege ilikuzwa na vipaza sauti vya ngoma za mitaani, na lugha yake ilikuwa ile ya makabwela, ambayo wakubwa wa redio hawakuithamini. Ilipofika miaka ya 1970 ndipo Mikey Dread, fundi mitambo wa shirika la utangazaji la JBC, alipoendesha kipindi cha usiku kilichopiga muziki wa nyumbani tu. Basi huko rege ilitoka mtaani ikaenda redioni. Kwetu safari ilikwenda kinyume: ilitufikia kwa redio na santuri, kisha ikashuka mtaani. Tuliipokea sauti kabla ya maana, na wengi waliuimba wimbo wa Bob Marley tangu mwanzo hadi mwisho pasipo kuyafahamu maneno yake.

Athari ya jambo hili yaonekana katika kazi ya Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa familia moja iliyokulia katika hoteli za watalii za Mombasa, ambayo hujulikana zaidi kwa “Jambo Bwana”. Mwaka 1981 bendi hiyo ilirekodi katika studio za CBS, Nairobi, rege inayohesabiwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Rekodi hiyo hutajwa kwa majina mawili: “With My Guitar” na “Kazi ni Kazi”. Wakati huo Sauti ya Kenya ilikuwa na Idhaa ya Taifa kwa Kiswahili na idhaa nyingine kwa Kiingereza. Twayaona majina hayo kuwa dalili ya hali ya msanii mwenyewe. La kwanza lamtaja mwimbaji na chombo chake. La pili ni msemo wa kila siku, na kila mfanyakazi aweza kudai kuwa ni wake.

Wako wanaosema kwamba rege si yetu, hivyo haistahili kuhakikiwa pamoja na ushairi wa Kiswahili. Hoja hii haina nguvu. Taarabu ya Unguja nayo iliimbwa kwanza kwa Kiarabu. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri huko Bombay mwaka 1928, aliiimba kwa Kiswahili, nayo ikawa ya wenyeji. Kilichoifanya iwe yetu ni lugha, wala si ala.

Lakini kutumia maneno ya Kiswahili peke yake hakutoshi. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika pigo la kawaida la rege, ngoma kubwa huliacha tupu pigo la kwanza na kulia katika la tatu. Mtunzi makini aweza kuiweka silabi yenye mkazo juu ya pigo hilo, na ile ya mwisho ikafifia nyuma yake kama katika mazungumzo. Asiye makini huuvuta mkazo hadi mwisho wa neno, akiiga Kiingereza cha redioni. Hapo mvuvi wa Galu husikia lugha yake ikisemwa kigeni.

Katika miaka ya 2000 kituo cha Metro FM cha KBC kilijulikana kwa rege. Hata hivyo, wingi wa matangazo hauleti ubora wa utunzi. Ubora wahitaji mtunzi anayemwamini msikilizaji asiyemwona, na mhakiki aliye tayari kusikiliza. Tukiupuuza wimbo huu kwa sababu hauna vina na mizani, tutakuwa tumemwachia mgeni wa hotelini kazi ya kuuhukumu.